Mahali Alipokuwa Mama Siku Ile: Kumbukumbu ya Baba Yetu, Leonce Wenseslaus

Mwaka umezunguka ukatimia, Baba, tangu Jumamosi ile ya tarehe 13 Agosti 1983 ulipotuaga pale hospitali ya Mawenzi, msimu wa kahawa ukiwa ndio kwanza umechanganya na karakana imejaa mashine za watu. Wengine huandika kumbukumbu kwa sababu jirani naye kaandika. Sisi tunaandika kwa sababu siku ile uliuliza swali, na hukujibiwa ukweli.

Uliuliza, "Mama yenu yuko wapi?"

Mimi Digna, mzaliwa wako wa kwanza, ndiye niliyekuwa nimekushika mkono. Nikakujibu kwamba amekwenda kukutafutia maziwa. Ukacheka kidogo, ukasema, "Mwanamke huyu hakai mahali pamoja," ukageukia ukutani. Saa nane mchana ulikuwa umeshakwenda, na Mama hakuwepo. Tangu siku hiyo hajapata usingizi wa maana. Anasema ulikufa ukidhani mkeo alikuacha kitandani akaenda kuzurura. Basi leo ameniketisha hapa na kalamu, yeye mwenyewe yuko kwenye kigoda anamenya ndizi, na amri ni hii: "Mwandikie baba yako, umwambie nilikuwa wapi. Lakini anza na mema, asije akadhani tumemwita tumgombeze."

Haya, mema hayo.

Ulizaliwa Uru, mtoto wa katikati kati ya wavulana watatu. Desturi yetu inajulikana. Wa kwanza hupewa chake mapema, na wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, yaani migomba na mibuni iliyoizunguka na makaburi ya wazee yaliyo ndani yake. Wa katikati hupewa baraka. Wewe ukapewa baraka, ukashuka nazo Moshi mjini kwa miguu, ukafagia gereji ya watu mpaka ukaruhusiwa kushika spana. Mwaka uliofuata Uhuru ukajenga banda lako la mabati pale Pasua, na watu wakakucheka kwamba Mchaga gani huyu anayefungua biashara bila hata mzani.

Hukuhitaji mzani. Ulikuwa umeona jambo ambalo wenzako hawakuliona: kila kihamba kina mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, na kila mashine ina bapa la shaba lenye vipele vya kuchubua ganda. Vipele vikilika, punje zinapasuka na kahawa inashushwa daraja, jasho la mwaka mzima linakwenda na maji. Mabapa mapya yalikuwa hayapatikani. Wewe ukaokota shaba ya matangi mabovu, ukainyoosha, ukaanza kuipiga vipele kimoja kimoja kwa msumari butu, huku ukiisemesha. "Chuma husikia," ulituambia, "ila hakipendi kufokewa." Miaka si mingi, kuanzia Uru mpaka Kilema hakukuwa na mkulima asiyejua jina lako.

Serikali iliposema mafundi waungane, uliungana. Mlikuwa sita kwenye ushirika ule, na vikao vilikuwa vingi kuliko kazi. Mama anakumbuka ulivyorudi jioni moja ukamwambia, "Mama Digna, leo tumejadili misumari tangu asubuhi na hakuna hata mmoja uliogongwa." Hata hivyo hukuwahi kuwasema vibaya wenzako. Ushirika ulipojifia, watatu kati yao uliwachukua ukafanya nao kazi mpaka mwisho.

Mjane akija na mashine yake kichwani, malipo yalikuwa mkungu wa ndizi. Akija bila mkungu, uliuliza habari za watoto wake, ukatengeneza. Mama alikuwa akisimama mlangoni mikono kiunoni: "Baba Digna, hii ni karakana au soko la ndizi?" Nawe ulimjibu, "Yote mawili. Mimi nazileta, wewe zipe kazi." Akazipa kazi kweli. Mbege ya Mama Digna, pombe ile ya ndizi, ikawa na jina lake pale Pasua, na sisi wote wanne tumesomeshwa na shaba yako na ndizi zake.

Tena nyumbani, lo! Mwaka Mama alipolazwa kwa kujifungua Zita, ulitusuka nywele wewe mwenyewe, mimi na Salvina. Mikono ile ya kupinda vyuma! Mabutu yalitoka mazito kama kamba za kufungia magunia, na mwalimu akatuuliza shuleni kama nyumbani kuna mgonjwa. Tukakwambia. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ukatusuka tena, na safari hii yalikuwa mabaya zaidi. Leo ningetoa chochote nisukwe vile.

Kila Jumamosi jioni ulipanga viatu vyetu vyote kwenye ngazi, ukavipiga rangi mwenyewe. Kanisani uliimba kwa sauti kubwa na ya kukosea, na mwalimu wa kwaya akikutazama ulidhani anakusifu. Ulipima kila kitu kwa shibiri, ndiyo maana nyumba yetu haina vitanda viwili vinavyolingana. Ulinunua viatu vikubwa kwa kipimo kimoja, ukasema mtoto atavifuata. Hatukumbuki kukusikia ukimtukana mtu, isipokuwa siku moja tu, na siku hiyo ndiyo iliyotuletea yote haya.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1975. Wasomaji wanaojua kwetu wanajua kwamba Desemba kila mtu anapanda mlimani, na kwamba mbuzi wa sikukuu lazima afike kwa miguu yake. Anachinjiwa ndani ya kihamba, mwenye nyumba ndiye anayesimamia, na kila kiungo kina mtu wake. Kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, na hata shingo haiendi ovyo. Mtu akipokea kipande chake ndipo anapojua kwamba bado anahesabiwa katika ukoo.

Mwaka ule ilikuwa zamu yako kumleta mnyama. Kazi zilikuwa zimekubana mpaka mkesha, na wewe ulikuwa mtu wa kurahisisha mambo. Ukampeleka beberu kwa mchinjaji wa mjini. Akamchinja, akamchuna, akamkatakata vipande sawasawa, akavipanga kwenye makapu mawili. Ukapanda Uru unapiga mluzi, ukafikiri umewapunguzia watu kazi. Ewe Baba! Fundi wa chuma, siku hiyo uliharibu.

Baba Mdogo Filemon, mdogo wako wa mwisho, mwenye nyumba ile, alifunua kapu akatazama. Wazee wote walikuwa wamekaa wanangoja. Akauliza, "Kaka, kidari kiko wapi?" Hakikujulikana. "Mgongo je?" Ulikuwa umekatwa vipande kumi na vingapi. Akafunika kapu. "Umetuletea nyama ya wateja. Nyama hii haina mtu."

Ungenyamaza, yangekwisha. Lakini ulikuwa umechoka na umeaibika mbele ya wazee, ukasema lile lililokukaa moyoni tangu ujana: "Ningepewa kihamba kama wewe, ningechinjia kwangu, nisije kusimangwa na mtoto wa juzi!" Baba Mdogo naye akapandwa na hasira. "Basi kaa huko mjini kwako na mizoga yako. Hapa usikanyage." Tulishuka usiku wa Krismasi na makapu yetu, na nyama ile hakuna aliyeweza kuila.

Karibu miaka minane, Baba. Wewe uliyepatanisha vyuma vilivyokataana, ulishindwa na mdomo wako mwenyewe. Ulipanda Uru kila mwezi kumwamkia Bibi Ndelilio, mama yako, lakini ulisimama njiani, nje ya ua wa masale, mimea ile inayozungushiwa kihamba, naye akakutolea chakula pale pale kama mpita njia. Tulikuwa tunaona haya. Tukikuuliza, unajibu, "Chakula cha mama hakiulizi umekaa wapi."

Na lile la mashine ulidhani halijulikani. Mwaka juzi mashine ya Baba Mdogo ilikufa katikati ya mavuno, akawa anabeba kahawa yake kwenda kumenyea kwa majirani. Siku ya gulio alipokuwa Kiboriloni, Bibi alikufungulia ukaingia kama mwizi, ukabadilisha bapa, ukapaka grisi, ukatoka. Bibi alipoulizwa alisema mashine imepona yenyewe. Kikongwe yule, na rozari mkononi!

Kisha moyo wako ukachoka. Daktari alisema hivyo, na Ijumaa jioni ulijua mwenyewe. Ukamwita Mama karibu, ukamwambia, "Nizikeni makaburi ya mjini. Sina kihamba. Msiende kuniombea nafasi kwa mtu." Mama akakujibu, "Nimesikia." Hakusema amekubali, Baba. Alisema amesikia. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, ulipaswa kujua tofauti.

Alikufahamu kuliko ulivyojifahamu. Alijua unaogopa kulala milele kati ya watu usiowajua. Alijua pia kwamba wewe huwezi kuomba na Filemon hawezi kuita, na kwamba siku zimekwisha. Alfajiri ya Jumamosi akanishika bega akaninong'oneza, "Mshike baba yako mkono, usiuachie. Nakwenda kwa shemeji." Na mimi akanikataza kukwambia, kwa sababu ungemzuia.

Alikwenda Kiboriloni kununua mbuzi, beberu wa rangi moja asiye na kovu, na alizunguka soko zima mpaka akampata. Petroli mwaka jana ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na dereva mmoja aliyekuwepo alikataa kupakia mnyama. Mama akavua viatu, akafunga kamba mkononi, akaanza kupanda.

Anasema hajawahi kuona mbuzi mwenye kiburi kama yule. Kwenye mteremko alikimbia, kwenye mwinuko alilala. Penye daraja aligoma kabisa, mpaka mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe, Elinipendo jina lake, akatua mzigo akamsukuma kwa nyuma.

"Mama, kwa nini usimchinje huku huku ukabeba nyama?" akamuuliza.

"Tulishafanya hivyo mara moja," Mama akamjibu. "Vuta."

Walipoachana Mama alikuwa amelowa jasho, kanga imechanika, goti linatoka damu. Alipofika uani kwa Baba Mdogo alichuma jani la isale kwenye ua ule ule ambao wewe ulikuwa unasimama nje yake, akalifunga shingoni mwa mbuzi. Isale likiletwa, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa, na hilo kila mtoto wa Uru analijua.

Babu Thadeus, mdogo wa babu yetu, alikuwepo, akainua fimbo. "Isale haliletwi na mwanamke! Tangu lini?"

Bibi Ndelilio akamkata kauli. "Ungelileta wewe basi. Miaka minane ulikuwa unangoja nini, kengele?"

Mama hakuwatazama. Alimtazama Filemon, akasema aliyokuwa akiyapanga njia nzima: "Shemeji, mume wangu alikosea nyama. Wewe ulikosea maneno. Lakini aliye kitandani ni wangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuja."

Baba Mdogo alimtazama miguu yake, akamtazama mbuzi. "Umekuja kwa miguu?"

"Na mbuzi amekuja kwa miguu yake."

Alipokea kamba. Akamwambia, "Shemeji, unadhani sijui mkono wa kaka yangu? Bapa lile nililijua siku nilipolishika. Mwaka mzima nimemenya kahawa kwa mkono wake, na nimeshindwa kushuka kumwambia asante. Niliona aibu." Akaingia ndani kuvaa shati, akatoka mbio kwenda kuazima pikipiki ya katekista.

Sasa unajua, Baba. Saa ile ulipouliza, mkeo alikuwa amesimama uani kwenu, anakuombea mahali pa kulala.

Wangefika kabla ya saa nane, mngeonana. Hilo Mama hajalimaliza, na sisi hatuna cha kumpoza. Walifika Mawenzi saa kumi, vumbi mpaka kwenye kope, na mimi nilikuwa nimekaa peke yangu karibu na kitanda kitupu. Mama hakulia. Aliuliza, "Aliniuliza?" Nikasema uliuliza. "Ukamwambiaje?" Nikamwambia nilivyokwambia. Akakaa chini sakafuni, akasema, "Maziwa. Amekufa akisubiri maziwa." Baba Mdogo akaweka kiganja juu ya godoro, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akasema kwa Kichaga neno ambalo wadogo huwaitia kaka zao wakiwa bado watoto. Sikuwahi kumsikia akilisema.

Wazee walikaa usiku ule kuamua uzikwe wapi. Wapo waliosema pembeni, karibu na njia, panapowekwa ndugu asiye na kihamba. Kulipokucha Baba Mdogo alikuwa kando ya kaburi la babu na jembe, amekwisha kukata migomba minne iliyokuwa inazaa na kung'oa mibuni miwili, ile bora kuliko yote. Hakukubali kupokelewa jembe mpaka kaburi lilipofika kifuani. Ulizikwa Jumanne, Baba, mkono wa kulia wa baba yako. Mafundi wako watatu walikuja, wajane wa Kilema walikuja, na Elinipendo alikuja na majani yake, akayaweka mlangoni kwa Bibi.

Tulidhani yameishia hapo. Jumapili iliyopita, baada ya misa ya mwaka, Baba Mdogo aliwasimamisha watu wote kihambani. Alikuwa na mzigo wa miche ya masale begani. Akaanza kupanda mstari, mche mmoja baada ya mwingine, kutoka kaburini kwako mpaka kwenye mfongo, mfereji ule wa maji ulio chini. Alipomaliza alisimama, akajifuta mikono.

"Kuanzia hapa mpaka mfongoni ni kwa kaka yangu Leonce," akasema. "Wazee mmeona. Nisiulizwe tena."

Babu Thadeus akauliza, "Marehemu anapewaje kihamba?"

"Anapewa na mdogo wake aliyechelewa."

Hapo ndipo Mama alipolia, Baba. Alilia kilio cha mwaka mzima, mbele ya watu, bila kujificha uso. Wanawake walipotaka kumshika, Bibi Ndelilio aliwazuia: "Mwacheni. Amefika."

Si kipande kikubwa. Nimekipima kwa hatua, ni thelathini na mbili kwa kumi na tisa. Kina migomba ya kutosha nyumba moja, na mibuni kumi na sita. Crispin, mwanao, amekwisha kupalilia. Mvua za vuli zikianza tutapanda mibuni miwili pale ilipong'olewa mingine. Hukuzikwa ugenini, Baba. Uko kwako.

Nimemsomea Mama yote haya. Amesikiliza mpaka mwisho, amesahihisha mahali pawili, akasema mbuzi nimemwonea, hakuwa mbaya kiasi hicho. Nikamuuliza kama kuna neno la kuongeza kabla sijafunga. Akasema:

"Mwambie hapo alipolala, mkono wa kushoto pana nafasi. Nimeiona mwenyewe. Asimpe mtu."

Unakumbukwa na mkeo Theopista. Na wanao Digna, Crispin, Salvina na Zita. Na mama yako mzazi Bibi Ndelilio. Na mdogo wako Filemon na nyumba yake yote. Na Babu Thadeus. Na wajukuu zako wawili, ambao mmoja amepewa jina lako na tayari anakataa kukaa mahali pamoja. Na mafundi wako wa Pasua. Na kila kihamba ambamo mashine bado inazunguka kwa shaba uliyoipiga.

Pumzika kwa amani, Baba. Siku zote za uhai wetu, wewe hutasahaulika kwetu.